Wanampokea vizuri: maonyesho ya roki yaliyonishika mwaka 2025

Usiku wa kuamkia Jumapili ya Julai 6 mama aliamka kusali tahajudi, akanikuta sebuleni nimekaa mkekani mbele ya televisheni. Alikuwa amekuja Dar kutoka Tanga wiki ile kwa ajili ya goti lake. Kwenye kioo palikuwa na mzee wa miaka 76 amekaa kwenye kiti kikubwa cheusi, macho kayapaka wanja, mkono mmoja umeng'ang'ania maiki. Mwili wake ulikuwa unatikisika, lakini haukufuata mdundo.

"Huyu mzee anaumwa nini?" mama akauliza.

Nikamwambia huyo ni Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath, bendi ya roki nzito ya Uingereza, na anaumwa Parkinson, ugonjwa unaotetemesha viungo na kukaza mwili, na kwamba hawezi tena kusimama akaimba. Mama alibaki pale mlangoni na mtandio wake kichwani, akasikiliza. Uwanja mzima ulikuwa unaimba na yule mzee, na kila sauti yake ilipokatika, uwanja uliendelea bila kuyumba.

"Lakini wanampokea vizuri," akasema, akaenda zake kutia udhu.

Nimekaa na maneno hayo miezi mitano sasa. Mama ni mtu wa Ngamiani. Usichana wake, miaka ya sabini, ulikuwa wa kwenda kuwatazama Black Star na Lucky Star, vile vikundi vya Tanga vilivyoingiza gita la umeme na besi kwenye taarab, na yeye mwenyewe alikuwa mwitikiaji kwenye kikundi cha akina mama cha mtaani kwao. Amenieleza mara nyingi kwamba kupokea wimbo ni kazi, tena kazi ya masikio kuliko ya koo. Mpokezi anasikiliza mwimbaji anavyovuta pumzi. Akiona pumzi imekuwa fupi, anaingia mapema kidogo, anampa mwenzake pa kupumzikia, na msikilizaji aliyekaa mbele hajui kwamba kuna kitu kimetokea.

Mimi ni shabiki wa roki tangu kidato cha pili, na riziki yangu ni kufunga vyombo: spika, mikisa, maiki, kwenye harusi, maulidi, kipaimara, popote panapohitaji sauti. Kila Desemba huwa naandika maonyesho ya jukwaani yaliyonishika mwaka mzima. Miaka iliyopita nilikuwa napima kifundi tu. Nani kapiga solo bila doa, sauti ya nani imetoka kama ilivyo kwenye rekodi, mitambo ya nani ilisikika safi. Mwaka huu nimepima kwa sikio la mama, na orodha yangu imetoka tofauti kabisa na ya rafiki zangu wa roki.

Kwanza niseme tulivyomwona yule mzee. Onyesho lilifanyika Villa Park, Birmingham, Jumamosi ya Julai 5, na matangazo ya kulipia yalirushwa kwa kuchelewa kama saa mbili. Tulichanga watu watatu, tukanunua bando, tukaanza kutazama jioni jua halijazama. Wenzangu wawili walishindwa na usingizi kabla ya saa saba. Orodha ya waliopanda jukwaani siku ile ingetosha kwa matamasha matano: Mastodon walifungua, wakafuatana Anthrax, Lamb of God, Alice in Chains, Gojira, Pantera, Tool, Slayer, Guns N' Roses, Metallica. Mpiga gita Tom Morello ndiye aliyesimamia muziki wote. Fedha zilipangiwa tiba ya Parkinson, hospitali ya watoto ya Birmingham na kituo cha Acorns kinachotunza watoto wenye maradhi yasiyopona. Kila bendi ilipiga nyimbo zake na angalau moja ya Black Sabbath au ya Ozzy Osbourne mwenyewe, na kwa kweli walikuwa wamekuja kulipa deni. Wapiga drams watatu maarufu walipambanishwa, nami kipande kile kilinipita bila kunigusa. Ulikuwa ufundi mwingi usiokuwa na wa kumpokea.

Sasa Villa Park ni wapi? Ni Aston, mtaa wa viwanda, na vijana wanne waliounda Black Sabbath mwaka 1968 wote walikulia humo. Nyumba ya akina Osbourne ilikuwa Lodge Road, mwendo wa miguu kutoka uwanjani. Ozzy amesimulia kwamba utotoni, siku za mechi, alikuwa akiwalindia watu magari yao yaliyoegeshwa mitaani ili apate senti. Geezer Butler, mpiga besi, ni shabiki wa Aston Villa hadi leo. Kwa hiyo mzee alikuwa amerudi kuaga pale alipokuwa analinda magari, na kila aliyekuwa na tiketi mkononi alilijua hilo.

Ninachotaka kukieleza polepole zaidi ni vidole vya Tony Iommi, mpiga gita wa Black Sabbath, kwa sababu mtu asipovijua vidole hivyo hataelewa sauti ya hevi metali, ile roki nzito, ilitoka wapi. Iommi alikuwa na miaka 17, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mabati, na ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga gita kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo hivyo vilikuwa ndivyo vidole vya kubania nyuzi. Walimwambia muziki basi. Msimamizi wake wa kazi akamletea rekodi ya Django Reinhardt, Mjipsi aliyepiga gita kwa vidole viwili tu baada ya mkono wake kuungua moto.

Kijana akaenda nyumbani, akachukua chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaiyeyusha, akaifinyanga kuwa donge. Lilipopoa akalitoboa kwa ile pasi ndogo ya kuchomelea nyaya kwa risasi, akachonga kwa kisu, akasugua kwa msasa mpaka kidole kikaingia. Plastiki ikawa inateleza kwenye uzi, basi akakata kipande cha ngozi kutoka koti kuukuu, akakigundisha juu. Mimi pasi ile naishika karibu kila siku. Kila ninapochomelea waya wa maiki mezani kwangu, moshi ule mwembamba ukipanda, namfikiria kijana wa miaka 17 anajichongea vidole.

Hata na kofia zile vidole viliuma, basi akatafuta nyuzi nyembamba, akatumia za banjo, kwa sababu madukani nyuzi nyepesi za gita zilikuwa hazipatikani. Baadaye, kwenye nyimbo kadhaa za albamu ya Black Sabbath ya mwaka 1971, alilegeza gita lote hatua moja na nusu chini ya kawaida. Uzi ukilegea, kidole kinapata nafuu, na sauti inashuka, inakuwa nene na nzito. Uzito ambao vijana wa dunia nzima wamekuja kuuiga ulianza na mtu anayetafuta namna ya kupunguza maumivu. Hapo naona jambo lile lile la mama. Kidole hakiwezi, nyuzi zikakipokea.

Turudi uwanjani. Ozzy hakuingia kwa miguu. Kile kiti cheusi kilipanda kutoka chini ya jukwaa, yeye ndani yake, na watu zaidi ya 40,000 wakapiga ukelele ambao spika za televisheni yangu zilishindwa kuubeba. Aliwaambia amekuwa mtu wa kulala tu kwa kama miaka sita, na kwamba hawawezi kujua anavyojisikia. Kisha akaanza na nyimbo zake mwenyewe, Zakk Wylde kwenye gita. Alipiga makofi juu ya kichwa, akakodoa macho kama alivyokuwa akifanya ujanani, akawahimiza watu wapaze sauti. Mikono ilimtii nusu nusu.

Halafu ukaja ule wimbo wa mwaka 1991, "Mama, I'm Coming Home". Mama yangu aliingia muda ule ule, na akaniuliza mzee anasema nini. Nikamwambia anamwambia mama kwamba anarudi nyumbani, lakini huyo mama ni mkewe, ndivyo anavyomwita. Mama akatikisa kichwa kwa kuelewa; kwetu mke ni mama fulani tangu siku mtoto wa kwanza anazaliwa. Maneno ya wimbo ule yaliandikwa na Lemmy Kilmister wa bendi ya Motörhead, naye alishafariki tangu Desemba 2015. Ozzy alipofika pa kuvuta sauti juu, sauti haikwenda. Ilipasuka, ikashuka, ikapotea kabisa kwa mistari kadhaa. Niliwatazama watu wa mbele, wanaume wenye ndevu nyeupe na fulana nyeusi zilizopauka, machozi yanatiririka, midomo inatamka kila neno. Mimi kama mtu wa mitambo nilitega sikio. Sauti ya watu haikupanda kwa fujo. Ilikuja chini ya sauti yake kwanza, ikambeba, na aliporudi ikashuka tena kumpisha. Hakuna aliyewafundisha.

Baada ya hapo likaja kundi lenyewe: Ozzy, Iommi, Butler, na Bill Ward kwenye drams. Wanne hawa walikuwa hawajapiga pamoja tangu 2005. Ziara ya mwisho ya Black Sabbath, iliyofungwa hapo hapo Birmingham Februari 2017, Ward hakuwamo, na kwa mashabiki wa kundi hili lilikuwa donda. Sasa ana miaka 77 na amekaa nyuma ya ngoma zake. King'ora cha vita kikalia, "War Pigs" ikaanza. Mapigo ya Ward hayakuwa ya mashine. Palikuwa na sehemu alichelewa, na Butler kwenye besi alikuwa anamtazama, anamngojea, wanaingia pamoja. Nyimbo zilikuwa nne tu. Wakamaliza na "Paranoid" ya mwaka 1970, Butler akamletea Ozzy keki, fataki zikapigwa. Nilizima televisheni, mtaa mzima umelala, mama bado yuko kwenye mswala.

Ozzy alifariki Julai 22, siku 17 baadaye. Mama alikuwa amesharudi Tanga. Nilimpigia simu usiku ule ule, sijui kwa nini yeye kabla ya rafiki zangu wa roki.

"Yule wa kitini?"

"Ndiye, mama."

Akanyamaza kidogo. "Basi aliwahi kuaga," akasema.

Tarehe 30 msafara wa maziko ulipita Broad Street, Birmingham, ukasimama kwenye daraja lenye jina la Black Sabbath, matarumbeta yakimpigia nyimbo zake. Niliutazama mchana kwenye simu nikiwa juu ya lori la vyombo, tunaelekea kufunga harusi Kigamboni.

Kuna kijana mmoja aliyeimba Villa Park sijamtaja, nami nimemweka makusudi mpaka hapa. Anaitwa Yungblud, mzaliwa wa Doncaster, 1997. Mashabiki wengi wa zamani walikuwa wanamwona mtoto wa mapambo. Siku ile alipewa "Changes", ule wimbo wa taratibu wa mwaka 1972, na kabla ya kuimba akautoa kwa Diogo Jota, mchezaji wa Liverpool. Ikumbukwe Jota na mdogo wake André Silva walikuwa wamefariki kwa ajali ya gari kule Hispania siku mbili kabla, Julai 3. Kijana akaimba akiwa ametoa moyo wote, na kuanzia kiitikio cha pili uwanja ukauchukua wimbo. Sijui ni wangapi pale walikuwa wamewahi kumpenda kabla ya dakika hizo tano. Kwangu ndiye aliyeimba vizuri kuliko wote siku ile, na nasema hivyo nikijua kwamba kina Metallica walikuwepo.

Kibanda umiza cha mtaani kwetu kilikuwa kimetundika jezi ya Liverpool namba 20 mlangoni tangu Alhamisi ile. Watu wanaosema roki ni kitu cha mbali sana na sisi, mimi naweza kuwaonyesha jezi ile. Maana usiku wa Julai 4, siku moja kabla ya Villa Park, Oasis, bendi ya Manchester, walikuwa Cardiff, Wales, na wimbo wao "Live Forever" ulipofika mwisho, picha ya Jota na jezi yake ikatokea kwenye skrini kubwa. Niliipata video hiyo asubuhi kwenye kundi letu la mashabiki wa mpira. Aliyeituma hajui hata jina moja la wanabendi.

Oasis hawakurusha matangazo, hivyo Cardiff nimeiona kupitia simu za watu, vipande vipande, vingine vimetikiswa mpaka huoni kitu. Sijutii. Sauti ya simu inanasa kilicho karibu nayo, na kilicho karibu nayo ni mtu wa pembeni anayeimba. Ndugu wawili wanaoiongoza Oasis, Noel na Liam Gallagher, waligombana nyuma ya jukwaa Paris Agosti 2009 na bendi ikafa siku hiyo. Miaka 16 walikuwa wakirushiana maneno magazetini. Sasa wanatoka wameshikana mikono na kuiinua juu, na wa kwanza kupigwa ni "Hello". Nina ndugu yangu wa damu ambaye hatukusemeshana miaka mitatu kwa ajili ya kiwanja cha marehemu baba, kwa hiyo niliitazama mikono ile mara nyingi. Mkono wa Liam ndio uliokuwa umekaza.

Nitasema jambo moja ambalo wapenzi wa Oasis huenda wasilipende. Kimuziki, bendi yenyewe haikufanya jipya. Gita tatu zinapiga kitu kimoja kwa sauti kubwa, ndivyo walivyokuwa na ndivyo walivyo. Kilichokuwa kipya ni wale watu. "Don't Look Back in Anger" ya mwaka huu si ile ya 1996. Mei 2017, baada ya bomu la Manchester Arena kuua watu 22, watu walikusanyika St Ann's Square kukaa kimya dakika moja. Kimya kilipoisha, mwanamke mmoja akaanza kuuimba wimbo ule peke yake, taratibu, na wote waliokuwa pale wakampokea. Hakuwa msanii, na hakukuwa na maiki wala gita. Tangu siku ile wimbo umekuwa mali ya mji. Kwa hiyo Julai hii Noel alipoupiga kwenye bustani ya Heaton Park, Manchester, kiitikio aliwaachia watu, kama unavyompisha mwenye nyumba apite mlangoni kwake.

Na palikuwa na waliokosa tiketi. Walipanda kilima kilichomo ndani ya bustani ile ile, wakakaa kwenye nyasi kusikiliza kutokea mbali, siku ya kwanza wachache, baadaye wengi, mpaka kilima kikapewa jina la akina Gallagher. Miye nimekulia kwenye ukuta wa nje wa kumbi za muziki, kiingilio sina, nasikiliza besi ikipita kwenye tofali. Sauti inayofika kule nje ina kasoro zote za fundi mitambo: sauti kali hufa njiani, nzito ndizo zinazosafiri. Lakini watu wa kilimani waliimba kwa kuchelewa kidogo nyuma ya wale wa uwanjani, kwa sababu sauti inachukua muda kufika, na kwenye video moja unasikia kabisa mawimbi mawili, la kwanza na la pili linalolipokea. Nimeisikiliza video hiyo kuliko yoyote ya mwaka huu.

Tamasha la Glastonbury kule Uingereza, mwishoni mwa Juni, nilikuwa na kazi siku zote tatu na nimeitazama baadaye. Bendi ya Pulp walitajwa kwenye ratiba kwa jina la uongo, Patchwork, wakatokea jukwaa kuu, miaka 30 baada ya 1995 walipoitwa kuziba nafasi ya Stone Roses ambao mpiga gita wao alivunjika mtulinga kwa baiskeli. Walipiga "Common People" na ilikuwa furaha tupu. Sina zaidi, furaha nayo yatosha.

Aliyenishika ni Lewis Capaldi, ambaye wenzangu wa roki hawataki hata atajwe humu. Ni kijana wa Scotland mwenye nyimbo za mapenzi, na ana hali ya Tourette inayourusha mwili wake bila hiari yake. Juni 2023, kwenye jukwaa hilo hilo, katikati ya "Someone You Loved" shingo ilianza kumruka, sauti ikakata, akashindwa kuumaliza wimbo. Watu maelfu wakaumaliza. Kisha akaacha maonyesho kwa miaka miwili ili apate tiba. Tarehe 27 Juni mwaka huu alirudi bila kutangazwa, akapiga dakika kama 35, na wimbo wa mwisho ukawa ule ule. Safari hii aliumaliza. Cha kutazama ni watu wanavyoimba: wanaimba kwa uangalifu, kama mtu anayetembea nyuma ya mtoto aliyeanza kusimama, mikono iko tayari lakini haimgusi.

Bendi ya Radiohead nao walirudi, Novemba 4, Madrid, baada ya miaka saba, jukwaa likiwa katikati ya ukumbi na watu wamewazunguka kama ngoma ya kijijini. Nilisubiri usiku ule mwezi mzima. Wamepiga kwa ustadi ambao mimi siwezi kuueleza, na mtu wa mitambo wao ningependa kumshika mkono. Ila sikuona mahali palipoachwa wazi. Kila kitu kilijaa. Nitarudi kwao mwakani, pengine masikio yangu ndiyo yalikuwa bado Birmingham.

Julai 13 nilifanya ninalofanya kila mwaka, nikaweka kanda ya Live Aid, lile tamasha la hisani la mwaka 1985. Safari hii ilitimia miaka 40. Mzaliwa wa Unguja, Farrokh Bulsara, mwimbaji wa Queen ambaye dunia inamwita Freddie Mercury, ana kama dakika 20 kwenye uwanja wa Wembley, London, na watu wapatao 72,000, na mikono yote inakwenda juu pamoja kwenye "Radio Ga Ga". Siku hiyo hiyo, kule Philadelphia, Black Sabbath walipanda asubuhi, Ozzy yumo, kasimama kwa miguu yake. Niliviangalia vipande hivyo viwili kimoja baada ya kingine, na ilikuwa bado siku tisa Ozzy afariki.

Mwisho nilioushuhudia kwa macho yangu. Katikati ya Novemba nilipanda basi kwenda Nairobi kupitia Arusha na Namanga, nikafika nimechoka, kwa sababu Nairobi ina kitu ambacho Dar bado hatuna: vijana wa kutosha wanaopiga roki kiasi kwamba wikendi moja unaweza kuchagua. Baa ndogo, ghorofa ya kwanza, watu kama 60. Kikundi cha vijana wanne, msichana ndiye mwimbaji. Spika mbili tu na mikisa ya chaneli nane, na nikakaa karibu na fundi wao kwa sababu ndiko ninakojisikia nyumbani.

Wimbo wa nne mpiga gita akakata uzi, wa tatu. Gita lake lilikuwa lile la daraja la springi. Gita la namna hiyo uzi mmoja ukikatika, springi zinavuta daraja nyuma, nyuzi tano zilizobaki zote zinapanda, tyuni inaharibika papo hapo. Huwezi kusema utaendelea na tano. Akasimama. Gita la akiba hakuna. Mpiga besi akaweka chombo chake chini akaenda kumshikia shingo ya gita, msichana akakaa ukingoni mwa jukwaa akawamulikia kwa tochi ya simu, na mpiga drams akabaki peke yake anapiga.

Kijana alikuwa anatetemeka. Uzi mpya ulimponyoka mara mbili kwenye tundu la ufunguo. Ndipo mtu mmoja nyuma yangu akaanza kuimba kwa mdomo ile sehemu ya gita, bila maneno, noti saba zinazojirudia. Wa pembeni yake akaingia. Haikufika dakika chumba kizima kilikuwa kinaimba gita. Watu wakiachwa peke yao huwa wanakimbiza mdundo, nao walianza kukimbia, na yule wa drams akawa anawazuia kwa guu la ngoma kubwa tu, mguu mzito, anawarudisha nyuma kidogo kidogo. Sikuwahi kuona kazi nzuri ya mguu kama ile.

Kuimba bila chombo kuna tabia nyingine pia: sauti inateleza. Kijana alipomaliza kukaza nyuzi na kupima tyuni, watu walikuwa wameshuka karibu nusu hatua chini ya wimbo. Nilishika pumzi, kwa sababu nilijua akiingia zitagongana. Akaweka gita begani, akasikiliza mzunguko mmoja, akapiga noti ya kwanza peke yake, akaiacha ilie. Chumba kizima kikasogea juu kuelekea noti ile, kama watu wanavyobanana kwenye benchi kumpisha aliyekuwa ametoka. Mzunguko uliofuata walikuwa pamoja.

Nilikuwa nimerekodi. Asubuhi, nikiwa stendi, nikamtumia mama. Alijibu kwa sauti, na nyuma yake nasikia jogoo wa jirani.

"Huyo wa ngoma mtoto wa nani? Mwambie nimemsikia."